Sauti ya marehemu kwenye simu: ni wasia au si wasia?

Jambo hili limekuwa la kawaida katika matanga ya Pwani. Maiti imezikwa, hitima imesomwa, wageni wa mbali wameanza kufunga mizigo. Wenye msiba wanabaki sebuleni kuzungumza mambo ya nyumba, na mmoja wao anatoa simu mfukoni. "Mzee aliniachia maneno," anasema. Anabonyeza, na sauti ya marehemu, dhaifu, na milio ya mashine za wodini nyuma yake, inasema kwamba ile nyumba ya Kisauni ni ya binti yake mdogo na zile pesa za benki wapewe wajukuu. Hakuna asiyeijua sauti ile. Wengine wanalia. Dakika kumi baadaye ndugu wa tumbo moja wameshaanza kurushiana maneno.

Je, ule ni wasia?

Hakuna jibu moja kwa watu wote, kwa sababu nchi hii haina sheria moja ya mirathi kwa watu wote. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981, ndiyo inayoongoza mirathi ya Wakenya wengi. Lakini kifungu chake cha 2(3), kilichoingizwa mwaka wa 1990, kinasema mali ya mtu aliyefariki akiwa Mwislamu itafuata sheria ya Kiislamu. Kinachotazamwa ni dini ya marehemu siku aliyofariki, wala si dini ya wanaodai. Hapa kwetu, ambapo ami yuko Majengo akiswali na mjomba yuko Kaloleni akienda kanisani, ukoo mmoja unaweza kuwa na misiba miwili mwaka mmoja na kila msiba ukawa na sheria yake. Ndiyo maana ushauri wa jirani, hata akiwa na nia njema, mara nyingi hupotosha: anakusimulia yaliyompata yeye, na huenda wewe si mwenye sheria ile.

Nianze na asiye Mwislamu, kwani jibu lake ni la mkato zaidi.

Sura ya 160, kifungu cha 8, inajua wasia wa namna mbili: wa mdomo na wa maandishi. Hakuna wa tatu. Wasia wa mdomo, kwa kifungu cha 9, unasimama tu ikiwa mwenyewe ameusema mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na akafariki ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyousema. Rudi sasa kwenye ile sauti ya wodini. Kama mzee alikuwa peke yake na simu, hakusema mbele ya shahidi hata mmoja. Simu si shahidi. Kama alikuwa na watu wawili kando ya kitanda wakamsikia kwa masikio yao, basi upo wasia wa mdomo, na wenye kuuthibitisha ni wale wawili; rekodi inawaunga mkono tu. Na kama Mungu alimjaalia akapona, akarudi nyumbani, akaishi miezi mitano ndipo akafariki, yale maneno yameshakufa kabla yake. Tena sheria inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: wasia wa mdomo hauwezi kupinga wasia wa maandishi ambao mwenyewe hajaufuta. Ukiwa na karatasi halali kabatini, kisha ukarekodi maneno mengine hospitalini, karatasi ndiyo itakayosikilizwa.

Wasia wa maandishi una masharti yake katika kifungu cha 11. Mwenyewe atie saini au alama, au mwingine amtilie saini mbele yake na kwa amri yake. Mashahidi wasiopungua wawili wawe wamemwona akitia saini, au wamemsikia akikiri kwamba saini ile ni yake, na kila mmoja wao atie saini yake mbele ya mwenye wasia. Si lazima mashahidi wote wawe chumbani kwa wakati mmoja. Si lazima kuwe na wakili. Si lazima karatasi iwe ya mhuri. Lakini shahidi asiwe mwenye kupata kitu, wala mume au mke wa mwenye kupata kitu, la sivyo kile alichoachiwa kinabatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Watu wengi huanguka hapa, kwa sababu wanaoitwa kushuhudia huwa ni walewale wa nyumbani.

Sasa mtu atauliza: mbona leo tunatia saini mikataba kwa kompyuta, tunalipa ushuru kwa simu, tunaomba hata cheti cha kuzaliwa mtandaoni? Wasia una nini? Swali ni zuri. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, iliyotungwa 1998, ilifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika 2009, na marekebisho hayo ndiyo yaliyoipa hati ya kielektroniki na saini ya kielektroniki hadhi mbele ya sheria. Mwaka wa 2020 Bunge likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara na kuzidi kuupanua mlango huo katika mikataba. Lakini katika ile sheria ya mawasiliano kuna kifungu cha 83B, na humo wasia umetajwa kwa jina na kuachwa nje. Pale sheria inapotaka maandishi au saini katika kuandika wasia, kanuni za kielektroniki hazihusiki. Kwa hiyo faili la kompyuta lenye jina "Wasia wangu", barua pepe kwa wakili, ujumbe wa WhatsApp kwa watoto wote saba, hata saini uliyoichora kwa kidole juu ya kioo, vyote hivyo kwa asiye Mwislamu si wasia wa maandishi.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuwa wasia ni jambo moja. Kuwa ushahidi ni jambo jingine. Sheria ya Ushahidi, katika vifungu vya 78A na 106B, inaruhusu ujumbe na rekodi za kielektroniki kuletwa mahakamani, mradi aliyezileta aeleze zilivyopatikana na zilivyohifadhiwa. Basi ile video si bure. Inaweza kuonyesha kwamba marehemu alikuwa na akili timamu siku aliyotia saini karatasi yake. Inaweza kuonyesha nani alikuwa chumbani, na nani alikuwa akimnong'oneza. Inaweza kuwasaidia mashahidi wawili wa wasia wa mdomo wasisahau maneno. Kazi hizo inazifanya vizuri. Kazi ya kugawa nyumba haiwezi.

Kwa Mwislamu mambo yamegeuka: umbo la wasia ni jepesi, lakini yaliyomo ndani yamewekewa mipaka mizito.

Sheria ya Kiislamu haimwambii mtu lazima aandike kwa namna fulani, kwa karatasi fulani. Wasia unaweza kusemwa, unaweza kuandikwa, na asiyeweza kusema anaweza kuashiria. Kwa hiyo pingamizi la kifungu cha 83B halimgusi vilevile. Mtu asichangamke haraka, hata hivyo. Kwanza yatolewe mazishi na madeni. Katika kinachobaki, wasia hauvuki thuluthi. Na hauwezi kumpa mrithi, yaani yule ambaye tayari ana fungu lake, ila warithi wengine waridhie baada ya kifo. Tuseme mtu ameacha nyumba na akiba vya shilingi 6,000,000. Mazishi na madeni ni 600,000. Zimebaki 5,400,000, na thuluthi yake ni 1,800,000. Akiwa ameusia 2,500,000 kwa mtoto aliyemlea, zile 700,000 za juu zinangoja ridhaa ya warithi. Wasiporidhia, zinarudi kwao.

Sasa isikilize tena ile sauti ya Kisauni. "Nyumba ni ya binti yangu mdogo." Binti ni mrithi. Hata kama mzee angeyasema maneno hayo mbele ya kadhi mwenyewe, yakaandikwa kwa wino wa dhahabu, yasingepita bila ya ndugu zake kukubali. Kelele zote za familia kuhusu kama simu inakubalika au haikubaliki ni kelele za bure. Wasia umeanguka kabla ya kufika kwenye suala la simu. Wala haisaidii kusema "aliniambia amenipa, si ameniusia". Zawadi aliyoitoa mtu akiwa katika maradhi yaliyomuua huchukuliwa kama wasia, na mipaka ni ileile.

Lakini ile nusu ya pili ya sauti, "wajukuu wapewe pesa za benki", hiyo nataka tukae nayo kidogo. Ikiwa wajukuu wale ni watoto wa mwanawe aliyetangulia kufa, na marehemu ameacha mtoto mwingine wa kiume aliye hai, basi wajukuu wale hawarithi kitu. Ami yao amewazuia. Kila mtaa una mayatima wa namna hii: baba alikufa na pikipiki, babu aliwalea, babu naye akafa, na siku ya mgao wakakuta hawamo. Misri ililiona tatizo hili, na katika sheria yake ya wasia ya mwaka 1946, nambari 71, ikaweka wasia wa lazima kwa wajukuu wa namna hiyo. Kenya haina kitu kama hicho. Kwa hiyo hapa kwetu wasia wa babu ndio mlango wao wa pekee, na mlango huo ni halali kabisa kwa sababu wao si warithi. Vivyo hivyo kwa mtoto wa kulea, kwa mama aliyebaki katika dini yake ya Kikristo, kwa dada wa kambo wa kunyonya, kwa madrasa, kwa yule mfanyakazi aliyekaa na familia miaka ishirini. Hawa ndio wanaoumia wasia ukiwa kwenye simu tu na simu ikapotea. Warithi wana fungu lao hata pakikosekana wasia. Hawa hawana.

Basi rekodi ile inathibitishwa vipi mbele ya kadhi? Qur'ani, katika Surat al-Maida aya ya 106, imeamrisha mashahidi wawili pale mtu anapoufikia wakati wa kuusia. Na ipo hadithi mashuhuri ya Ibn Umar, inayomtaka mwenye cha kuusia asikae hata masiku mawili bila ya wasia wake kuandikwa. Maandishi na mashahidi, vyote viwili. Wanavyuoni wa Kishafii wa zamani, ambao madhehebu yao ndiyo yetu wengi hapa Pwani, hawakuridhika na karatasi iliyokutwa chini ya mto bila ya mtu wa kushuhudia yaliyomo. Hoja yao ilikuwa kwamba hati hufanana na hati. Na mimi naona hoja hiyo inaihusu simu ya leo kuliko ilivyoihusu karatasi ya wakati wao.

Sheria ya Mahakama za Kadhi, Sura ya 11, kifungu cha 6, inasema ushahidi katika mahakama hizo utafuata sheria ya Kiislamu, kisha inaweka sharti kwamba mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na jambo liamuliwe kwa kupima ukweli wa ushahidi wote, si kwa kuhesabu vichwa. Kwa hiyo sauti ya simu inaweza kuwekwa mezani na kupimwa. Lakini inapimwa. Nani aliirekodi? Simu ilikuwa mikononi mwa nani tangu siku ile? Yuko mtu mwingine aliyemsikia mzee akisema hivyo? Ikikosa majibu, wenye kudai wanabaki na huruma ya warithi tu. Na huruma hiyo, tusiidharau, ni njia halali: warithi wote watu wazima wakisema "tumeisikia sauti ya baba na tumeridhia", mambo yamekwisha bila ya kesi. Nimesema watu wazima. Fungu la mtoto mdogo haliwezi kusamehewa na mtu mwingine kwa niaba yake.

Katiba ya 2010, ibara ya 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Mmoja asipokubali, kesi huenda kwingine. Lakini sheria itakayotumika kwa mali ya marehemu Mwislamu haibadiliki kwa kubadili jengo, na aliyekwenda Mahakama Kuu akidhani ameikimbia thuluthi ataikuta imekaa inamngoja.

Kwa nini watunga sheria wameuogopa wasia wa kielektroniki, huku mikataba ya mamilioni wameiruhusu? Kwa sababu mkataba ukileta ubishi, waliouandika wako hai na wataulizwa. Wasia huanza kazi siku ambayo mwenyewe hawezi tena kuulizwa. Na simu ni chombo kisichotunza siri ya mwenyewe vizuri. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tangu kutumwa. Unaweza kuwekewa kujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 hufutwa. Mwenye kuijua namba ya siri ya mzee, na mara nyingi ni mjukuu anayemsaidia kusoma meseji, anaweza kuandika kwa jina lake. Na sasa kuna programu za akili unde zinazoiga sauti ya mtu kwa kusikia mfano mfupi tu. Mzee aliyewahi kutuma salamu za Idi kwenye kundi la familia ameshaacha mfano wa kutosha.

Hata hivyo nchi nyingine hazikuishia kwenye hofu. Afrika Kusini, ambayo sheria yake ya miamala ya kielektroniki ya 2002 nayo imeuacha wasia nje kama yetu, ina kifungu cha 2(3) katika Sheria yake ya Wasia kinachompa jaji uwezo wa kukubali hati yenye kasoro akiridhika kwamba marehemu alikusudia iwe wasia wake. Katika kesi ya Macdonald dhidi ya Master, iliyoripotiwa 2002, mfanyakazi wa kampuni ya IBM alikuwa ameacha maandishi ya mkono yakieleza kwamba wasia wake uko ndani ya kompyuta ya kazini, katika faili fulani. Jaji aliukubali. Katika jimbo la Queensland, Australia, mwaka wa 2017 mahakama ilikubali ujumbe wa simu ambao haukuwahi kutumwa, uliokutwa kwenye simu ya marehemu ukiwa na maneno kwamba huo ndio wasia wake, na mali ikaenda kwa nduguye na mpwa wake badala ya mkewe. Uamuzi huo wa pili unanitia wasiwasi, nakiri. Meseji isiyotumwa huenda ni ya mtu ambaye bado anafikiri.

Njia nyingine ni kuandika sheria kabisa. Nevada, Marekani, ilitunga ya kwanza mwaka wa 2001. Mwaka wa 2019 wataalamu wa sheria za majimbo ya Marekani wakatoa mfano wa sheria ya wasia wa kielektroniki ambao majimbo kadhaa yameufuata. Jimbo la British Columbia, Kanada, limeukubali wasia wa kielektroniki tangu Desemba 1, 2021. Uingereza iliruhusu mashahidi kushuhudia kwa video wakati wa korona, na Mei 2025 tume yake ya sheria ikapendekeza wasia wa kielektroniki uruhusiwe. Ukizisoma sheria hizi utaona karibu zote hazikuwaondoa mashahidi. Kilichoondoka ni karatasi tu. Ule wasia wa sauti iliyorekodiwa peke yako chumbani, hata huko hauna njia rahisi.

Kwa walio ughaibuni kuna jambo la kuangalia. Sura ya 160, kifungu cha 16, inakubali wasia uliofuata taratibu za nchi ulikoandikwa, au za nchi ambayo mwenyewe ana makao au uraia, au za nchi iliko mali. Mtu wa Kilifi, asiye Mwislamu, akiandika wasia wa kielektroniki huko Vancouver kwa kufuata sheria ya British Columbia, wakili wake ana hoja nzuri ya kusimama nayo Malindi, ingawa mtu huyohuyo angefanya vilevile akiwa Malindi angekuwa hana kitu. Sheria inayomkataza aliyebaki nyumbani na kumfungulia aliyepanda ndege inahitaji kutazamwa upya. Nawafikiria zaidi vijana wetu walioko Saudia, Qatar na Oman, wanaofanya kazi za nyumbani na udereva, ambao hawana wakili, hawana karatasi, wana simu tu. Akiba yao iko kwa jina la kaka au rafiki. Kwao maneno ya simu ndiyo maandishi pekee waliyo nayo, na ya kwanza kuandikwa yangekuwa haya: pesa ile ni yangu, si yake. Hilo si wasia hata kidogo, ni ushahidi wa mali na amana, na kama ushahidi linakubalika leo hii bila kungoja Bunge.

Maoni yangu ni kwamba Bunge liiondoe ile marufuku ya kifungu cha 83B na mahali pake liweke masharti: mashahidi wawili wanaomwona mwenye wasia wakati uleule, hata kwa video, hati ihifadhiwe mahali ambapo mwenye simu hawezi kuihariri peke yake, na jaji apewe uwezo kama ule wa Afrika Kusini, ambao Sura ya 160 haina, wa kuokoa wasia wa kweli wenye kasoro ndogo. Mahakama za Kadhi hazihitaji sheria mpya kwa hilo. Zinahitaji daftari: mahali ambapo mtu wa Lamu au Likoni anaweza kuweka wasia wake akiwa hai, ukapokewa, ukawekewa tarehe, na ukatafutwa siku ya msiba. Watakaopinga watasema wazee watashinikizwa. Kweli, lakini wazee wanashinikizwa na kwa karatasi pia, na angalau video ya dakika tano ingeonyesha uso wa aliyesimama nyuma ya kiti.

Liko jambo moja ambalo halingoji mageuzi yoyote, nalo ni namba ya siri ya M-Pesa. Kumwachia mwanao namba ya siri si kumwachia pesa. Kifungu cha 45 cha Sura ya 160 kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini ya kisheria, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu hicho kimo katika Sehemu ya Saba, ambayo kifungu cha 2(4) kinaifanya iwahusu Waislamu pia pale isipogongana na sheria yao. Watu hutoa pesa za marehemu usiku uleule kwa ajili ya sanda na chakula cha wageni, na jamii haiwalaumu. Lakini mwenye kutoa aandike shilingi kwa shilingi, mbele ya wenzake, kwa sababu baada ya wiki mbili kuna atakayeuliza.

Kwa usiku wa leo, basi, chukua karatasi. Andika jina lako, namba ya kitambulisho na tarehe. Andika madeni kwanza: unayodaiwa na unayodai, ya chama, ya duka, ya Fuliza, ya mahari ambayo hujaimaliza. Kama wewe ni Mwislamu, andika unayemwusia kitu asiye mrithi, na kiasi kisichovuka thuluthi. Kama si Mwislamu, andika nani apate nini. Mtaje atakayesimamia. Waite watu wawili wasiopata chochote, wala wenzi wao wasipate, watie saini wakikuona, nawe utie saini wakiona. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Ndipo uishike ile simu: piga picha ya karatasi, rekodi video ukiisoma kwa sauti na mashahidi wakiwa pembeni, na umtumie msimamizi ujumbe wa mstari mmoja wa kumwambia karatasi yenyewe iko kabati gani na ufunguo uko kwa nani.